Mama Monitrisi na Maneno Niliyoyatunga

Mwanamke pekee aliyenisikiliza kwa makini nilipokuwa mfasiri wa sinema ndiye aliyekuwa mwanamke pekee ukumbini asiyenihitaji. Nililijua hilo nikiwa nimechelewa sana. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, tai mbili, na imani kubwa mno juu ya sauti yangu.

Tulimwita Mama Monitrisi kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya: alikuwa monitrisi, mwalimu wa kushona, katika foyer ya mtaa wetu, ulioitwa Kenya kama ile nchi, nyumba ndefu ya matofali ambamo wake na mabinti wa wafanyakazi walijifunza kukata nguo, kufuma, na kupiga pasi bila kuunguza. Bila shaka alikuwa na jina la ubatizo kwenye karatasi fulani, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali na kwetu, na salamu yake ilikuwa ile ya kwao, "Moyo," aliyomtolea kila mtu, hata padri, hata askari aliyemsimamisha njiani kukagua kitambulisho chake.

Alivaa mkasi shingoni kwa utepe mweusi, hata kanisani. Alipokutazama hukujua kama anakusikiliza au anakupima. Siku moja, nikiwa napita mbele ya foyer na tai yangu ya bluu, aliniita akaniambia bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto.

"Ni kazi, Mama," nilimjibu kwa maringo. "Kushika kipaza sauti."

"Apana," alisema. "Ni juu unainamaka kusikia sauti yako weye mwenyewe."

Mabinti wote waliokuwa kwenye cherehani walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni sifa.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na hakujisumbua kuyapatanisha. Alikuwa jasiri mbele ya askari, lakini aliogopa kuku. Kuku akiingia foyer, darasa zima lilisimama mpaka atolewe. Aliwafundisha mabinti kwamba mtu mwenye adabu hapigi kelele mbele za watu, kisha Jumamosi, katika sinema, watu wa kwenye filamu wakianza kupigana ngumi, sauti yake ndiyo iliyovuka zote: "Mupige! Mupige tena!" Na alikuwa mkali kuhusu pindo za nguo. Gauni la binti lilipaswa kushuka vidole vinne chini ya goti, naye alivipima kwa vidole vyake mwenyewe, akiwa amepiga magoti sakafuni. "Hapa bantu hawatakusumbua," alisema akisimama, na binti akaamini. Yeye mwenyewe aliamini kuliko wote.

Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Katanga, jimbo letu la Kongo, ilikuwa imejitangaza kuwa nchi peke yake, yenye bendera yake na redio yake, na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, walikuwa wamekuja kukataa jambo hilo. Kulikuwa na vizuizi barabarani na amri ya kutotoka nje usiku, kwa hiyo sinema ya parokia, iliyokuwa ikionyeshwa uwanjani giza likiingia, ilihamishiwa ukumbini Jumamosi mchana. Tuliziba madirisha kwa mablanketi na magunia. Joto lake lilikuwa la kuivisha mihogo. Watu walikuja hata hivyo, kwa sababu redio haikuwa na habari nyingine ila vita, na kwenye sinema angalau ulijua nani atashinda.

Filamu zilikuwa za Kimarekani, zimetiwa sauti za Kifaransa. Wengi hawakujua Kifaransa, au walikijua cha kazini tu: leta, beba, haraka. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya kitambaa cheupe na kusema kwa Kiswahili yale waliyosema waigizaji. Kifaransa changu kilikuwa cha shule ya misheni. Nilikielewa vizuri sana kikiandikwa ubaoni na mtu aliyekuwa tayari kusubiri. Waigizaji hawakusubiri. Waliongea upesi, wengine wakiwa juu ya farasi. Kwa hiyo nilitunga.

Nilianza kwa kutunga kidogo, neno hapa, neno pale, mahali niliposhindwa. Baada ya miezi michache nilikuwa natunga hata pale nilipoelewa, kwa kuwa maneno yangu yalichekesha kuliko yao. Nilimpa mchunga ng'ombe wa Marekani mama mkwe mgomvi. Nilimfanya mwizi wa benki alalamike kuhusu bei ya unga. Watu walipokutana nami sokoni waliniita Bwana Mufasiri, nami niliitika kama mtu aliyepewa cheo.

Mama Monitrisi alikaa mstari wa mbele, upande wangu, juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe. Alifuma gizani bila kutazama mikono. Mara nyingine, nikiwa katikati ya sentensi nzuri, niliona sindano zake zimesimama na uso wake umegeuka kunitazama mimi, si filamu. Nilifikiri ameguswa.

Basi ikaja ile filamu. Kwa sababu ya vita mizigo haikufika, na filamu chache zilizokuwapo zilirudiwa. Hii nadhani tuliionyesha mara sita. Ilikuwa na bwana mmoja mwenye shamba na bibi mmoja mwenye gauni jeupe. Kuna mahali bwana anamfuata bibi ndani ya banda la farasi. Bibi anageuka kutoka, bwana anamzuia mlangoni, anamshika mikono yote miwili. Bibi anasema kitu. Anampiga kifuani kwa ngumi. Anasema tena. Bwana hamwachi. Halafu vinanda vinaanza kulia, ngumi zinalegea, na bibi anamkumbatia.

Sikusikia bibi alichosema. Kweli kabisa, sikusikia. Watu walikuwa wakipiga kelele. Lakini nilikuwa na nafasi ya sentensi moja, na ukumbi mzima ulinigeukia, nami nikabana sauti yangu ikawa ya kike, nikasema: "Minakusukuma, lakini usiende mbali!"

Sijawahi tena maishani kupata kicheko kama kile. Wanaume walisimama. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Wanawake walijifunika nyuso kwa vitenge wakicheka. Na Mama Monitrisi, nilimwona kwa macho yangu, alicheka mpaka sindano moja ya kufumia ikamtoka mkononi.

Jumatatu yake niliisikia sentensi yangu bombani. Vijana waliokaa pale kutazama mabinti wakiteka maji walikuwa wakiitamka kila binti alipomsukuma mmoja wao. Jumatano niliisikia kwenye foleni ya mkate. Haikupita mwezi ikawa neno la mtaa mzima. Kijana alimshika binti mkono, binti akanyakua mkono wake, kijana akageukia wenzake akasema kwa sauti nyembamba: usiende mbali! Nami nilipita hapo nikitabasamu, kama mtu anayesikia wimbo wake ukiimbwa.

Ubaya zaidi ni kwamba mimi mwenyewe niliamini. Nilikuwa nimeitunga kwa kinywa changu, najua saa na mahali nilipoitunga, na bado niliamini. Kulikuwa na binti mmoja niliyempenda, ambaye hakunipenda, jambo ambalo kila mtu alilijua isipokuwa mimi. Asubuhi moja nilimzuia njiani akitoka bombani, nikamshika kiwiko. Alisema niachie. Nilitabasamu. Alinisukuma kwa mkono mmoja, kwa maana mwingine ulishika ndoo kichwani. Nami, Mungu anisamehe, nilifumba macho nikasubiri vinanda.

Kilichokuja ni maji. Ndoo nzima. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa hadi kwenye soksi, nikawaambia rafiki zangu kwamba tulikuwa tukicheza majini, yeye nami, na kwamba karibu atanikubali. Walinipigapiga mgongoni kunipongeza. Miaka mingi nilisimulia kisa cha ndoo ili watu wanicheke, na watu walinicheka, lakini ile sehemu ya pili, ya nilichowaambia rafiki zangu, niliiacha. Binti yule alibadilisha bomba. Alikuwa akitembea hadi mtaa wa pili kuteka maji, kwa sababu rafiki zangu walikuwa wameifanya sentensi ile kuwa salamu yake mpya.

Sasa nifike kwa Jozefina.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa Mama Monitrisi, binti wa mtu aliyefanya kazi kwenye tanuru za shaba. Siku moja baba yake alimtuma apeleke baiskeli kwa fundi, kijana aliyeitwa Leonari, ili tairi lizibwe. Leonari alifunga mlango wa karakana. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu Jozefina mwenyewe alisema mara moja tu na kwa maneno machache, na hayo yalitosha kwa yeyote aliyetaka kusikia.

Mambo kama hayo, siku zile za vurugu, yalisikilizwa na mzee wa mtaa uani kwake, Jumapili baada ya misa. Mimi niliitwa kuandika, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na sikukosa kualika watu wauone. Nilikaa mezani na daftari jipya. Upande mmoja alikaa Jozefina na baba yake, mtu mkubwa, kimya, aliyeweka mikono yake yenye makovu ya moto juu ya magoti. Upande wa pili Leonari na mjomba wake. Nyuma yao watu, wengi, kwa maana ilikuwa Jumapili.

Jozefina alisema. Mzee alimuuliza alikuwa amevaa nini. Kabla hajajibu, sauti ilitoka nyuma:

"Hii robe ni miye nilikata. Vidole ine chini ya goti."

Mama Monitrisi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, mkasi shingoni. Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Mama," mjomba wa Leonari alisema bila kugeuka, "hii maneno haiko ya bantu ya Kasai."

Wakati ule maneno hayo hayakuwa madogo. Familia nyingi za Kasai, zilizohesabiwa kuwa adui wa Katanga, zilikuwa zimekwisha kuhama nyumba zao na kukimbilia kambi ya mahema nje ya mji, na zile zilizobaki zilitembea karibu na ukuta. Mama Monitrisi angeweza kurudi nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu.

Aliingia, akaketi kwenye benchi nyuma ya Jozefina. "Moyo, Baba Shefu," alisema. Mzee, ambaye alikuwa mtu wa adabu, aliitika, na kwa kuwa ameitika hakuweza tena kumtoa.

Mzee akamgeukia Leonari. "Na weye? Ulisikia namna alikuwa nakataa?"

Leonari alikuna shingo. Hakuonekana mtu mbaya. Alionekana kijana anayejua kwamba watu watamwelewa. "Alinisukuma, Baba Shefu, siwezi kuficha. Lakini banamuke beko vile." Alitazama kushoto na kulia, akaibana sauti. "Banakusukuma, lakini usiende mbali."

Watu walicheka. Si wote, lakini wa kutosha. Hata mzee aliinamisha kichwa kuficha mdomo. Na mimi, nikiwa na kalamu mkononi, kitu cha kwanza nilichohisi, nakiri, kilikuwa raha. Halafu nilimwona baba yake Jozefina akiitazama mikono yake.

"Bwana Mufasiri," Mama Monitrisi alisema. "Soma ile umeandika."

Nilisoma. Sentensi ile, ikisomwa kutoka kwenye daftari, haikuchekesha.

"Ni maneno ya nani?"

"Ya Leonari."

"Mbele ya Leonari, nani alisema?"

"Ya sinema," nilisema.

"Ule bibi wa sinema alisema vile?"

Hapo nilikuwa na mlango wa kutokea na niliuona. Nikisema hapana, mtaa mzima utajua kwamba Bwana Mufasiri alikuwa hasikii Kifaransa. Cheo changu, tai zangu, salamu zangu za sokoni, vyote vilikuwa vimesimama juu ya hilo. Nikatazama daftari, nikasema, "Ndiyo. Alisema vile."

Nilimdanganyia Leonari, kwa ufupi. Mbele ya Jozefina.

Mama Monitrisi hakunikemea. Alisema, polepole, kwa Kifaransa safi ambacho hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia nacho: "*Laissez-moi. Vous me faites mal.*" Kisha akayarudia kwa lugha ya watu wote. "Niache. Unaniumiza. Njo vile alisema. Mara mbili. Niko nakaaga pale mbele, ninasikia yote."

Masikio yangu yaliwaka moto. Jumamosi zote zile, sindano zile zilizosimama, ule uso ulionigeukia! Alikuwa akisikia filamu mbili kwa pamoja, yao na yangu.

"Na weye Mama ulinyamaza?" mzee alimuuliza, na swali lilikuwa la haki.

"Nilinyamaza," alisema. "Nilicheka. Alikuwa nachekesha, huyu. Nilijiambia, ni mchezo, inaumiza nani?" Aliweka mkono kwenye bega la Jozefina. "Na hata ile sinema yenyewe ni ya uongo, Baba Shefu. Ule bibi kuko muntu nyuma ya mashini anamwambia: sasa piga, sasa basi, sasa mukumbatie. Halafu banaweka muziki. Kule kwa Leonari muziki ilikuwa wapi? Na miye nilikuwa nadanganya hawa batoto na vidole yangu ine. Nilizani vidole ine inatosha."

Kisha akanitazama tena, na kwa mara ya tatu akaniuliza: "Bwana Mufasiri. Ni maneno ya nani?"

Nilisimama. Ningependa kusema nilisimama kwa ushujaa, lakini nilisimama kwa sababu miguu ilitaka kukimbia na kusimama ndiyo hatua ya kwanza. "Ni yangu," nilisema. "Nilitunga. Sikusikia alichosema yule bibi. Mara nyingi sisikii."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa karibu sawa na kile cha ukumbini, tofauti ni kwamba hiki kilinihusu. Lakini kilipotulia Leonari hakuwa akicheka, wala mjomba wake. Alikuwa amebaki na lile alilolifanya, bila sentensi ya kulifunika.

Mzee wa mtaa akatoa suluhisho ambalo wazee wengi wangelitoa: Leonari amwoe Jozefina, na familia mbili ziishi kwa amani. Watu walianza kuitikia.

"Sitaki," alisema Jozefina.

Mzee akamwambia kwa upole kwamba binti huona aibu, ni kawaida, atazoea.

"Sioni aibu. Nilimwambia yeye apana. Nikamwambia tena apana. Sasa ninawambia nyinyi wote: apana."

Mama Monitrisi aligeuka, akawaangalia watu mmoja mmoja, kama anavyopima mabega.

"Mumesikia? Hapa hakuna mufasiri."

Baba yake Jozefina alisimama. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema mbele za watu. "Mutoto amesema," alisema. Akamshika mkono, wakaondoka wote watatu.

Nisidanganye tena kwa kuifanya haki iwe kubwa kuliko ilivyokuwa. Leonari alilazimishwa kuomba radhi mbele ya ua ule na kufunga karakana yake mtaani kwetu. Alihamia upande wa Naviundu, akafungua nyingine. Mashtaka hayakwenda mbele zaidi. Katika miezi ile hata waliokuwa na kazi ya kusikiliza mashtaka hawakujua kesho watakuwa chini ya bendera gani. Jozefina aliendelea kuja foyer. Wiki iliyofuata, waliniambia mabinti, Mama Monitrisi alipopiga magoti kupima pindo hakusema lile neno lake la siku zote. Aliuliza tu, "Weye unapenda ifike wapi?"

Padri alinibakiza kazini, nadhani kwa sababu hakuwa na mwingine. Jumamosi moja filamu ile ilirudiwa tena. Mama Monitrisi alikisogeza kigoda chake mpaka pembeni ya kipaza sauti, akawa ananinong'oneza Kifaransa kilichonipita, nami nikasema kilichosemwa. Ilikuwa sinema ya kuchosha kweli. Mwizi wa benki hakujali bei ya unga. Vijana wawili walitoka wakinung'unika. Tulipofika kwenye banda la farasi nikajikaza, bibi akashikwa, nami nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, ya kawaida: "Niache. Unaniumiza."

Hakuna aliyenisikia. Ukumbi mzima, kwa pamoja, ulikuwa umepaza ile sentensi ya zamani, kwa sauti nyembamba, kama kwaya. Nilirudia. Wakarudia wao. Nilimtazama Mama Monitrisi anielekeze cha kufanya.

"Endelea," alisema. "Sema ile inafuata."

Niliendelea. Watu wachache, nilikuja kujua, walisikia. Mke wa mfanyakazi mmoja alinisimamisha baada ya wiki akaniuliza kama ni kweli bibi yule alikuwa akiumizwa, na nilipomwambia ndiyo, alisema, "Nilijua," akaenda zake. Lakini sentensi yangu iliishi Kenya miaka mingi. Nimeisikia kwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa siku nilipoitunga.

Mama Monitrisi naye ilimbidi aondoke. Asubuhi moja alikuta alama ya chokaa mlangoni kwake, na watu wa Kasai walijua maana yake. Nilijitolea kumpelekea cherehani kambini kwa baiskeli. Niliifunga nyuma kwa kamba, kwa mafundo ambayo niliyasifu sana njiani, na karibu na kizuizi cha kwanza mafundo yale yalifunguka. Cherehani, baiskeli nami tukaanguka miguuni pa askari. Mama Monitrisi aliyekuwa akitembea nyuma aliikagua cherehani kwanza, gurudumu na sindano, kisha akaniuliza kama ni mzima. Kambini, mbele ya hema lake, nilitaka kuomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno usiku kucha. Nilipofika sentensi ya pili alinikatiza.

"Maneno yako iko mingi," alisema. "Weye nenda ukajifunze Kifaransa."

Nilikwenda nikajifunza Kifaransa. Naye baada ya miezi alipanda treni na wengine kwenda Kasai.

Nilikuja kumwona mara moja tena, baada ya miaka mingi, mji ukiwa umekwisha kuitwa Lubumbashi na mimi nikiwa na mvi na bega lile lile. Nilisikia amerudi na anakaa kwa mpwa wake. Nilimkuta sebuleni, amekonda, masikio yamechoka, ameketi karibu kabisa na televisheni kwa sababu macho ndiyo yaliyobaki mazuri. Binti wa mpwa wake, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa, alinikaribisha chai.

Kwenye televisheni kulikuwa na mchezo. Mwanamume alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke anajaribu kupita, mwanamume anacheka. Yule binti, akimimina chai, aliitupia jicho akasema, "Anamupenda, anajifanya tu."

Sijui Mama Monitrisi aliyasikia au aliyasoma midomoni. Alimwambia binti akae. Akaanza kumsimulia habari za ua wa mzee wa mtaa, za Leonari, na za kijana mmoja mfasiri aliyekuwa mwandishi wa kikao. Kijana yule, alisema, aliposikia maneno yake kinywani mwa mwenye kosa, alisimama papo hapo, bila kuulizwa na mtu, akasema: haya ni yangu, nilitunga mimi. Binti alinitazama kwa heshima. Alikuwa ameelewa ni nani.

Chai ilikuwa moto, mtoto wa watu ananitazama vile, na aliyekuwa akisimulia ni shahidi mwenyewe. Nilikaribia sana kunyamaza.

"Haikuwa vile," nilisema. "Aliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisema ni maneno ya Leonari, mara ya pili nikayasukumia sinema. Tena nilishikilia kwamba yule bibi aliyasema kweli. Kama Mama asingejua Kifaransa, ningemwacha binti wa watu aonekane mwongo, nirudi nyumbani na tai yangu."

Mama Monitrisi alikuwa akiutazama mdomo wangu. "Nilikuwa nakupunguzia," alisema, kama anazungumzia suruali. "Umezeeka."

Binti alipunguza sauti ya televisheni. Akauliza, "Na yeye? Ule Jozefina. Alikuwa je?"

Nilimweleza ninachojua. Yuko hai. Ana chumba cha kushonea pale Kenya, wanafunzi wanane. Aliolewa akiwa na miaka thelathini na mtu aliyemchagua mwenyewe, wana watoto. Nikipita, ananisalimu vizuri, anauliza habari za nyumbani, nami namjibu nikiwa nimesimama barabarani. Miaka yote hii hajawahi kuniambia karibu ndani, nami sijawahi kuomba.

"Usiombe," alisema Mama Monitrisi, akaurudisha uso wake kwenye televisheni.